Ufa Katika Zumari ya Baba

Kwa dada yangu Muanasha, Olumbi.

Assalaam aleikum, na shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa. Kama umesimama, tafuta mkeka kwanza. Mgongo unaendeleaje? Na lile goti ulilojigonga siku mnarudi nyumbani, limekubali kukunja wakati wa sala au bado unasalia kwenye kiti? Mihogo imeshika, au nguruwe mwitu wamekutangulia tena? Niandikie yote, hata yale unayoyaona madogo. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, naamka. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ndio nauandika hapa.

Isome peke yako. Usimpe yule jirani yako anayependa kuwasomea watu barua uwanjani kama anatoa hotuba. Ukishamaliza, ukitaka, waambie wengine kwa maneno yako.

Ujumbe wako wa simu bado ninao, nimeusikiliza mpaka nimeujua kwa moyo. Ulisema: "Anli, ntoto wa mama, watu wamerudi. Nyumba zinaezekwa. Tukishavuna, wazee wanataka jando, la kwanza tangu tukimbie. Zumari ya baba unayo wewe. Ilete, au mpe ntu wa kuaminika aje nayo. Watoto hawawezi kutoka porini kimyakimya kama wezi." Nikakujibu kwamba ipo, nzima, nitaituma. Ukauliza mara ya pili, nikajibu vilevile. Mara ya tatu nikakuambia nimeipaka mafuta ya nazi juzi tu. Dada, mara zote tatu nilikudanganya. Zumari ya baba imepasuka, na aliyeipasua ni mimi.

Hapo nimepumzika kidogo, nimekunywa maji. Sasa acha nikueleze ilivyokuwa, maana kwenye simu ningelia, au ningekudanganya mara ya nne.

Kazi yangu unaijua, kuchuma uyoga. Huku Ayalandi uyoga unalimwa ndani ya mabanda marefu yasiyo na dirisha, vitanda vya mbolea vimepandana hadi darini, na sisi tunapita na visu vidogo tukikata vichwa vyeupe vilivyolingana. Hauna ladha ya kitu. Siku za mwanzo niliupika na nazi ya kopo nikidhani kosa ni la mpishi. Ukitoka bandani unakuta mvua. Mvua ya huku haina msimu, haipigi na haiishi, na nimeshaacha kuiuliza.

Miaka miwili iliyopita, wakati natoka kazini, nilijikinga mvua kwenye mlango wa karakana moja. Chini palikuwa na ndoo ya vipande vya mti. Nikaokota kimoja, nikakipima mkononi, nikakinusa. Mpingo. Nikakinusa tena, sikujiamini. Halafu nikaona ndani vigogo vilivyokatwa mraba, ncha zimepakwa nta ili visikauke haraka, na kwenye gunia lake pameandikwa kwa rangi nyeupe, Moçambique. Nilikaa palepale mlangoni nikalia mbele ya mtu nisiyemjua. Mti ule ulifika nchi hii kabla yangu, na ulipokewa vizuri kuliko mimi.

Mwenye karakana ni mzee anaitwa Donali. Hakuniuliza ninalilia nini, aliniuliza kama nataka chai. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kinachochechemea kwamba huu ni mti wa kwetu, unakatwa bara huko Pundanhar na kwingineko, na mimi nimeukereza tangu nikiwa kijana, tasbihi na miguu ya vitanda. Akanishika mikono, akaigeuza kama mtu anayechagua samaki sokoni. "Njoo Jumamosi," akasema.

Donali anatengeneza zumari. Si kama yetu ya kupuliza kwa mdomo. Mpigaji wa kwao anakaa kwenye kiti. Kwenye mkono wa kulia anafunga mvukuto mdogo, anaubana kwa kiwiko, na upepo unaingia kwenye mfuko wa ngozi chini ya kwapa la kushoto. Mfuko ndio unaopuliza. Mikononi ana kipande chenye matundu, na hicho ukikiona utasema ni ndugu wa zumari yetu, baba mmoja mama mbalimbali. Mapajani yamelala mabomba mengine ya mpingo na shaba. Matatu yanavuma tu, sauti moja moja, bila kupumzika. Mengine yana vibonyezo anavyovigonga kwa kifundo cha mkono huku vidole vinaendelea na wimbo. Wenyewe wameipa jina la kiwiko.

Siku ya kwanza aliponipigia niliangalia ule mfuko unavyojaa na kunywea, nikamwona baba. Baba mfuko wake ulikuwa mashavuni. Unakumbuka tulivyokaa chini watatu, wewe, mimi na ndugu yetu Sumaili, tukingoja avute pumzi ili tumcheke, na havuti? Jua linahama, wanawake wanabadilishana kucheza, na sauti haikatiki. Nilimweleza Donali. Akasema kuna watu kwao waliohitaji ngozi ya mbuzi na mvukuto kufanya kazi ambayo baba yangu aliifanya kwa mashavu mawili. Nilijisikia fahari, dada, na fahari ile haikuwa yangu. Unajua kwa nini haikuwa yangu.

Mashine ikizunguka hatuongei. Ikizimwa ndipo anasimulia, na mimi nafagia unga mweusi wa mpingo huku nasikiliza. Zamani, anasema, babu zao walipuliza zumari kubwa kwa mdomo wakiwa wamesimama, wakaenda nayo vitani na mazikoni. Baadaye ikaja hii ya kukaa, ya ndani ya nyumba. Wapo wanaosema mtawala aliipiga marufuku ile ya vita, ndiyo maana wakaificha jikoni. Donali anasema hadithi hiyo ni nzuri kwa wageni, yeye haiamini. Anaamini watu walizeeka wakataka kukaa.

Wengi wa wapigaji wa zumari hiyo walikuwa vipofu. Mtoto akipofuka kwa ndui, wazazi walimpeleka kwa mpigaji akajifunze, ili apate pa kula maisha yake yote. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na alipofika harusini kiti cha karibu na moto kilikuwa chake, na sahani yake ilipakuliwa kabla ya bwana harusi. Nikamwambia kwetu ni hivyohivyo, baba hakuwahi kula mwisho. Na wana msemo: miaka saba ya kujifunza, saba ya mazoezi, saba ya kupiga, ndipo uitwe mpigaji. Nilijihesabia palepale. Nina arobaini na moja. Nikianza leo, nitaitwa mpigaji nikiwa na sitini na mbili, na atakayeniita sijui atatoka wapi.

Kisha wakapata njaa. Viazi vilioza ardhini, mwaka huu, mwaka unaofuata, na unaofuata tena. Watu walianguka njiani, wengine wakapanda meli. Nani atamwita mpiga zumari mahali pasipo na harusi? Wakauza zumari zao kwa unga. Wengine wakaishia kwenye nyumba za maskini za serikali. Humo mtu alivuliwa nguo zake akapewa za humo, na kama alikuja na zumari hakuna aliyemwomba aipige. Mapadri nao hawakutaka ngoma zilizochezwa njia panda. Ikafika wakati, anasema Donali, wapigaji wanaojua kwa kweli ungeweza kuwataja wote wakati unanawa mikono, na ukamaliza kabla ya kufuta maji.

Akifika hapo husimulia kama mtu aliyekuwepo. Hakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwepo kwangu. Najua kwamba watu wakikimbia wanabeba sufuria, mkeka na mtoto. Wimbo hauna pa kushikia. Unabebwa na mwenyewe, na mwenyewe akianguka, yule anayekimbia nyuma yake hajui hata kilichoanguka.

Niandike na hili, ingawa unalijua. Baba alianza na mimi. Mimi nilikuwa naenda shikola, najua kuandika jina langu kwa Kireno, nikamwambia zumari ni kazi ya watu wasioshika kalamu. Hakunipiga. Akamwita Sumaili. Sumaili akazijua zote, za harusi, za jando, na ule wa kutoka, ambao hauna maneno na ambao hupigwa siku moja tu, watoto wakitoka jandoni. Baba akafa akiwa hana wasiwasi. Halafu siku ile tuliyokimbia vita, Sumaili alinipa zumari imefungwa kwenye kapulana yako ya njano ya kujifunga kiunoni. Akaniambia, "Ishike wewe, nkono wako ntupu. Mie nanfata bibi." Nikaishika. Yeye akarudi ndani kwa bibi. Hatukumwona tena, yeye wala bibi. Kati ya watoto wawili wa kiume wa baba, aliyebaki ni yule asiyejua kupiga.

Sasa ufa.

Kwetu zumari inakaa wapi? Juu ya jiko, kwenye uchaga, pamoja na mbegu za mahindi. Moshi unafukuza wadudu, na mama alikuwa akisema kitu kisichonusa moshi hakina mwenyewe. Nilipopata chumba huku nilitafuta jiko la kuitundika juu yake. Hakuna jiko la kuni. Kuna chuma kipana ukutani, ndani yake yanapita maji ya moto, kinapasha nyumba wakati wa baridi. Nikapiga msumari juu ya chuma hicho, nikaitundika zumari ya baba kwa kamba. Kila nikirudi kutoka kwenye uyoga niliiona pale, nikajidanganya kwamba nimeingia jikoni kwa mama.

Donali alinionya. Nilimwonyesha zumari, akaishika kwa mikono miwili, akauliza naiweka wapi. Nilipomwambia, akaniangalia kwa hofu. Akasema mpingo uliokunywa hewa ya bahari miaka yote hiyo usiukalishe karibu na joto la huku. Uweke ndani ya sanduku, pamoja na ganda la chungwa ili upate unyevu. Nilicheka, dada. Nilicheka usoni pake. Nikawaza, huyu mzungu anataka kunifundisha mimi mpingo, mti wa nyumba yetu, tena kwa ganda la chungwa. Nikamjibu kwamba kwetu imekaa juu ya moto tangu kabla sijazaliwa na haijawahi kulalamika.

Nilichosahau ni kwamba kwetu hewa yenyewe ni maji. Moshi unakausha, bahari inarudisha. Huku wakati wa baridi wanafunga madirisha, chuma kinapasha siku nzima, na ndani panakuwa pakavu mpaka midomo inachanika. Mvua yote ile iko nje. Ilikuwa Jumapili mchana, nakaanga samaki. Nikasikia kitu kama mtu amevunja ukuni. Nikageuka, sikuona mtu. Nilikwenda kugeuza samaki, ndipo nikaelewa, na sikutaka kutazama juu. Ufa umeanzia mdomoni, umepita katikati ya matundu matatu, umefika mpaka kwenye tako la zumari. Ncha ya ukucha inaingia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti ningevunjika guu.

Nilikaa nayo wiki nzima bila kumwambia mtu. Hapo ndipo nilipokudanganya mara ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea Donali. Hakusema "nilikuambia". Aliifunga uzi wenye nta ili ufa usiendelee, akasema kuziba kunawezekana, lakini sauti haitarudi, kwa sababu upepo umeshajua njia nyingine. Kisha akachukua vipimo. Alipitisha vijiti vya kila unene ndani ya tundu, akaandika, akapima umbali wa kila tundu na unene wa mdomo. Akatoa kigogo cha mpingo alichokikausha miaka mingi, cha kwetu kilekile, akakiweka mbele yangu. "Kereza mwenyewe," akasema.

Nikakereza Jumamosi nne. Dada, kazi hiyo niliifanya vizuri. Sijui kama nimewahi kufanya kazi vizuri hivyo. Na kadiri ilivyozidi kufanana na ya baba ndivyo shetani alivyonikaribia. Nikajiambia: kwa nini asipelekewe hii akaambiwa ndiyo yenyewe? Nikaipaka masizi na mafuta ya nazi mpaka ikaonekana ya zamani. Tundu la tatu nikalimega kwa tupa upande wa kulia, pale kidole cha baba kilipolimega. Nikabakiwa na kitu kimoja, yule samaki. Unamkumbuka samaki, Sumaili alimchora karibu na tako kwa msumari wa moto akiwa na miaka saba, mkia mkubwa kuliko mwili, na baba akamkimbiza uwanja mzima na kandambili. Nikapasha msumari. Nikaanza na mkia.

Donali akaingia na vikombe viwili vya chai. Akaona msumari, akaona samaki wa zamani, akaona na mkia mpya. Aliweka kikombe changu karibu na mkono wangu, akatoka nacho chake mvuani. Mimi nikaangalia ule mkia nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kuiga kidole cha baba nilishaiga. Lakini kuiga mkono wa Sumaili, mtu tusiyejua hata amelala wapi, ili nikukinge wewe usijue kosa langu! Nikazima moto. Kwa hiyo ukiitazama hii mpya utakuta mkia bila samaki. Nimeuacha makusudi, ujue nilifika wapi.

Najua utaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba alipenda kuusema huo. Mimi nakuuliza, mhunzi wetu yuko wapi? Koleo ninazo mbili sasa, moja nzima na moja imepasuka, na uhunzi umekwisha. Ndicho kinachonifanya niamke asubuhi nikiwa nimechoka. Donali anasema zumari yao ilifufuka, leo inapigwa mpaka Japani. Nami namjibu moyoni kwamba ya kwenu ilibakiwa na wazee wachache wa kuifufua. Ya kwetu imebaki na mkata uyoga.

Nilimwambia hivyo Jumamosi iliyopita, kwa sauti, na kwa hasira. Alikuwa ananoa patasi. Akaniuliza, "Unadhani mimi nilifundishwa na nani?" Nikasema na mpigaji fulani, nitajuaje. Akasema alifundishwa na shangazi yake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuishika zumari. Baba wa shangazi huyo alikuwa mpigaji wa mwisho wa upande wao. Zumari iliuzwa. Wavulana wote walikwenda ng'ambo. Yeye alikuwa msichana, na msichana hakupewa zumari, basi akabaki na nyimbo mdomoni. Alikuwa akiziimba bila maneno wakati anakamua ng'ombe. Donali alipopata zumari yake ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumwonyesha, ndipo shangazi akavuta kiti akakaa mbele yake, akamwimbia kipande kwa kipande, na akikosea anamwambia, hapana, hapo panapinda. Nyimbo zote za upande ule wa nchi zilipita kwenye koo la mwanamke aliyekuwa anakamua.

Nilishika ufagio sikufagia. Maana nilikuona wewe, nyuma ya baba, kwenye kigoda. Hukuruhusiwa kugusa mti wa zumari, lakini ulimi wake wa kupulizia ulikuwa wako. Wewe ndiye uliyekata jani la mti wa mvumo, ukalikunja, ukalifunga uzi, ukaliweka mdomoni mwako lilainike ndipo umpe. Harusi zote, majando yote, ulikuwa pale nyuma na ulimi mdomoni. Na kesho yake unatwanga mahindi, tunakusikia. Kwa mapigo ya kinu ulikuwa unauimba ule wimbo wa kutoka, taratibu, na mama anakugombeza kwamba wimbo ule si wa kila siku. Sisi wanaume tulihesabu nani kajifunza na nani kakataa. Wewe hatukukuhesabu.

Dada, najua ninachogusa. Nilikuwepo siku ile kambini ulipofunga mdomo. Ulisema mbele ya watu, "Siimbi tena mpaka Sumaili arudi, au nioneshwe kaburi lake." Na tangu siku hiyo sijakusikia hata ukimbembeleza mtoto. Nadhiri ni yako na kilio ni chako, na mimi niliyekataa kufundishwa, niliyeshika kapulana nikakimbia, niliyepasua mti, ndiye wa mwisho mwenye haki ya kukuambia fungua mdomo. Sikuambii. Nakuambia tu kwamba nimefikiri kila upande na sikuona mahali pengine wimbo ule ulipo duniani. Mama za watoto watasimama uani siku hiyo wakisubiri kuusikia ndipo watoke njiani kuwapokea wanao. Wasipousikia watatoka hivyohivyo, najua. Watu wamezoea kupokea watoto bila wimbo. Hicho ndicho kinachoniua.

Kama utaweza, mwite mmoja wa vijana wa ngoma, mwenye mashavu, umwimbie kipande kwa kipande. Kama hutaweza, hakuna atakayejua ila mimi na wewe, na mimi sitakuuliza kamwe, si kwa simu wala kwa barua.

Zumari mpya haina ulimi. Huku hakuna mvumo. Nilijaribu kuutengeneza kwa matete ya Donali, nikapuliza, ikatoa sauti ya bata anayekabwa, na mbwa wa Donali akatoka nje. Ulimi uukate wewe.

Anayekuletea mzigo huu ni mama mmoja wa Nampula niliyekuwa nakata naye uyoga; anarudi kwao moja kwa moja, na ndugu yake dereva wa lori ataufikisha Palma. Ndani kuna zumari mbili, kila moja kwenye kitambaa chake, na ile kapulana yako ya njano. Sijaifua tangu siku ile. Nimejaribu mara mbili nikashindwa.

Nisalimie ngariba mzee, mwambie asikaze sana mkono, ni muda mrefu hajashika kisu. Nisalimie wapiga ngoma wawili waliobaki. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyenichapa kwa haki, na fundi aliyekuezekea nyumba, na yule mama wa mandazi wa barabarani ambaye alikuwa akimpa Sumaili moja la ziada, mwambie bado namkumbuka. Jirani yako msoma barua naye msalimie, asije akanuna.

Donali anakusalimu. Ameniuliza jina lako, nikamwandikia kwenye karatasi, ameibandika ukutani juu ya mashine. Anadhani wewe ni mpiga zumari. Sikumsahihisha.

Ile mpya wape watu wa jando. Ya baba usimpe mtu. Itundike juu ya jiko lako, kwenye uchaga, mahali pake. Imeshapasuka, moto hauwezi kuifanya lolote tena.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki,
Anli